Maji hayakumbuki jiko: nyutroni na maelezo tunayoyapenda kuhusu Mpemba

Kama unaishi Iwawa, hakuna haja ya mtu kukueleza baridi ni nini. Mwezi wa sita na wa saba nyasi za Makete zinaamka nyeupe kwa sakitu, majani ya viazi yanaungua shambani, na maji uliyoacha nje usiku kwenye sahani asubuhi yana ngozi ya barafu. Huku ndiko mtu anaweza kukuuliza kwa dhati kabisa: eti maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi? Na mwenzake atajibu palepale: ndiyo, ni kanuni ya Mpemba, Mtanzania mwenzetu, alisoma Mkwawa pale Iringa.

Mpaka hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanza kwenye sentensi inayofuata, ambayo siku hizi haikosekani: "Ni kwa sababu vifungo vya haidrojeni kwenye maji vinakumbuka kwamba yalikuwa ya moto." Utaisikia kwenye video fupi, utaikuta kwenye majibizano ya wanafunzi wa PCM, na inasemwa kama jambo lililokwisha. Makala hii ni ya kuikosoa sentensi hiyo. Nataka tuipime kwa kitu ambacho kwetu hakizungumzwi sana, yaani nyutroni, kwa sababu nyutroni ni kati ya vyombo vichache vinavyoweza kuziuliza molekuli za maji zenyewe: nyie mnakumbuka kwa muda gani?

Kwanza tumtendee haki Mpemba, maana kisa chake tunakisimulia kwa haraka mno. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu, Magamba. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndo unaweka kwenye friji. Siku moja nafasi kwenye friji ilikuwa inagombewa, akaweka yake ya moto moto. Ikaganda mapema kuliko ya mwenzake. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye Mkwawa aliuliza tena, na darasani jambo likawa la utani, "fizikia ya Mpemba". Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo, akaja shuleni kutoa mhadhara, Mpemba akasimama na swali lake: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, kwa nini cha nyuzi 100 kinaganda kwanza? Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kwenye jarida la Physics Education, yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza: "Cool?"

Kwa kawaida tunaishia hapo, kijana kawashinda wakubwa, makofi. Ila mle ndani kuna mambo mawili tunayoyaruka, na yote ni ya maana kwa hoja yangu. La kwanza, Mpemba anasimulia kwamba rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga alimwambia kuwa na yeye huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande upesi. Yaani wafanyabiashara walishajua. La pili, Osborne hakuishia kusema "kweli bwana". Alijaribu. Alipima muda wa kuanza kuganda kwa joto tofauti la kuanzia. Aliweka tabaka jembamba la mafuta juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa masaa. Aliona maji ya juu yanabaki ya moto kuliko ya chini wakati yanapoa. Shika hilo la mafuta, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye sentensi yetu ya kumbukumbu. Haikutoka hewani. Mwaka 2012 chama cha wanakemia wa Uingereza, Royal Society of Chemistry, kilitangaza shindano la kueleza kisa cha Mpemba kwa zawadi ya pauni 1,000, na maelezo zaidi ya 22,000 yakatumwa. Mshindi alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb. Kipindi hichohicho kundi la Xi Zhang na Chang Q. Sun, Singapore na China, likaja na nadharia ya vifungo, iliyochapishwa rasmi mwaka 2014, na neno "kumbukumbu" limo kwenye kichwa cha makala yao. Hiyo ndo iliyosambaa, kwa sababu inasimulika vizuri.

Inasema hivi. Molekuli ya maji ina kifungo imara ndani yake, kati ya oksijeni na haidrojeni yake, na kifungo legevu nje, kati ya haidrojeni yake na oksijeni ya jirani. Hicho cha nje ndicho kifungo cha haidrojeni. Ukipasha maji, cha nje kinarefuka na cha ndani kinafupika kidogo, kama springi iliyobanwa, kikiweka nishati. Ukiyapoza, springi inaachia, na kasi ya kuachia inategemea ilibanwa kiasi gani mwanzoni. Maji yaliyokuwa ya moto sana yanaachia kwa kasi zaidi. Kwa maneno mengine, maji mawili yakiwa yote yamefika nyuzi 35, yale yaliyotoka nyuzi 100 hayafanani na yale yaliyokuwa nyuzi 35 tangu mwanzo. Yana historia ndani ya vifungo.

Ni nadharia nzuri, na kuna kipande chake ambacho sina shaka nacho: urefu wa vifungo kweli hubadilika na joto. Swali langu ni moja tu. Hiyo historia inadumu muda gani?

Kulijibu unahitaji kuziona molekuli zikitembea. Hapa watu wengi hufikiria eksirei, na eksirei kweli imetuonyesha maumbo mengi sana. Lakini eksirei hugonga elektroni, na haidrojeni ina elektroni moja tu, tena kwenye maji imevutwa upande wa oksijeni. Kwa eksirei, maji ni oksijeni nyingi na vivuli vya haidrojeni. Tatizo la pili ni la nishati, na hili ndilo kubwa. Ili uone vitu vilivyo umbali wa atomu na atomu unahitaji wimbi lenye urefu unaokaribiana na huo umbali, tuseme sehemu 0.18 ya nanomita. Chembe moja ya eksirei yenye wimbi hilo ina nishati ya karibu elektronivolti 6,900. Molekuli ya maji inayojisogeza inaibadilishia nishati hiyo kwa chini ya elektronivolti 0.001. Ni moja kwa milioni kumi hivi. Ni kama kutaka kujua uzito wa kijiko kimoja cha sukari kwa kupitisha lori la tani 50 kwenye mizani ya Makambako, kwanza bila kijiko, halafu na kijiko. (Siyo kwamba haiwezekani kabisa. Kuna maabara zinafanya kwa eksirei, kwa jasho.)

Nyutroni yenye wimbi lilelile la 0.18 ina nishati ya elektronivolti 0.025 tu. Sasa kijiko cha sukari kinapimwa kwenye mzani wa duka, pamoja na sukari ya kikombe kimoja. Unaona tofauti bila shida. Tena nyutroni hiyo inakwenda mita 2,200 hivi kwa sekunde, ambayo kwa mambo ya atomu ni mwendo wa kawaida kabisa: inapita kwenye molekuli kwa muda unaokaribiana na muda wa molekuli yenyewe kutikisika. Zimekutana saizi yake.

Halafu nyutroni haina chaji. Elektroni haizijali, inapita katikati yao na kwenda kugonga kiini cha atomu. Na kwa bahati ya maumbile, kiini kinachoitawanya nyutroni kuliko karibu vyote ni cha haidrojeni, mara 20 hivi zaidi ya oksijeni. Kwenye maji, kati ya kila nyutroni 100 zinazotawanywa, zaidi ya 95 zimegonga haidrojeni. Kile ambacho eksirei inakiona kama kivuli, nyutroni inakiona kama taa. Ukitaka kuificha, badilisha maji ya kawaida na maji mazito, yale yenye deuteri badala ya haidrojeni, na sehemu kubwa ya ile taa inazimika. Wanabiolojia hutumia ujanja huu kuangalia protini bila kusumbuliwa na maji yanayoizunguka.

Kipimo chenyewe kinaendaje? Unarusha nyutroni ambazo zote zina kasi moja. Kama molekuli zingekuwa zimesimama kama mawe, nyingi zingerudi na kasi ileile, na kwenye grafu ungeona mstari mwembamba uliosimama wima. Molekuli zikiwa zinasogea, nyutroni nyingine hutoka na kasi kidogo zaidi, nyingine pungufu, sawa na mlio wa bodaboda unavyobadilika ikija kwako na ikikupita. Ule mstari unanenepa. Unene wake unakupa muda: kadiri molekuli zinavyorukaruka haraka, ndivyo mstari unavyonenepa. Ukibadilisha pembe ya kutazamia unapata pia umbali wa kila mruko. Kwa hiyo kipimo kimoja kinakuambia molekuli imehama umbali gani, na kwa muda gani. Vipimo vya namna hii ni vichache sana.

Bertram Brockhouse wa Canada alishaanza kuyapima maji hivi miaka ya 1950, kule Chalk River. Mwaka 1994 yeye na Clifford Shull wa Marekani walipewa Nobel ya fizikia, Shull kwa kuonyesha atomu ziko wapi, Brockhouse kwa kuonyesha zinafanya nini. Kipimo ninachokitegemea zaidi hapa ni cha José Teixeira na wenzake, kilichochapishwa mwaka 1985 kwenye Physical Review A. Walichukua maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndiyo, maji, siyo barafu. Maji yakitulia na yakiwa safi yanaweza kupita sifuri bila kuganda, na jambo hili nalo tutalihitaji.

Walipata nini? Kwenye nyuzi 20 molekuli inakaa mahali pake kwa kama pikosekunde moja kabla ya kuruka. Pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri inatulia zaidi, zaidi ya pikosekunde 20. Na kule kupinda kunakovunja kifungo cha haidrojeni ni kwa haraka zaidi, kama pikosekunde moja au mbili, na hakubadiliki sana hata maji yakipoa vile. Kifungo kinavunjika, haidrojeni inapata jirani mwingine, kinajengwa, kinavunjika tena.

Sasa weka hiyo namba karibu na friji. Tuseme bakuli lako linachukua saa moja kuanza kuganda. Saa moja ni pikosekunde trilioni 3,600. Kila kifungo kimevunjika na kuungwa upya na majirani wapya mara zisizohesabika kabla barafu ya kwanza haijaonekana. Ile springi iliyobanwa wakati maji yako jikoni ilishaachia kabla hujaondoa mkono kwenye sufuria. Tena mwaka 2005 kundi lingine, kwa njia tofauti kabisa ya mimweko mifupi ya leza, lilionyesha kwenye jarida la Nature kwamba mtandao wa vifungo vya maji unapoteza mpangilio wake wa awali kwa chini ya femtosekunde 50. Hiyo ni sehemu moja ya ishirini ya pikosekunde.

Kama namba za pikosekunde zinakuchosha, fungua kitabu chochote chenye jedwali la kasi ya molekuli za maji kusambaa. Utaona safu ya joto na safu ya kasi. Kwenye nyuzi 25 utakuta sehemu 2.3 hivi za bilioni ya mita ya mraba kwa sekunde, na namba hiyo inapatikana ukipima kwa nyutroni, inapatikana ukipima kwa njia ya sumaku. Je, umeona safu ya tatu, ya "maji haya yalikuwa na nyuzi ngapi jana"? Haipo. Hakuna aliyewahi kuihitaji. Kama vifungo vingekumbuka jiko kwa dakika kumi tu, jedwali hilo lisingewezekana kuandikwa, kwa sababu kila maabara ina maji yenye maisha yake: mengine yamechemshwa, mengine yametoka kwenye friji, mengine yamekaa kabatini wiki mbili.

Na hiyo nishati "iliyowekwa" kwenye vifungo? Imo tayari kwenye hesabu ya darasani. Gramu moja ya maji inahitaji jouli 4.18 kupanda nyuzi moja, na sehemu kubwa ya ukubwa wa namba hiyo inatokana hasa na vifungo vya haidrojeni. Ukiyapoza, jouli hizohizo zinarudi. Huwezi kuihesabu springi mara ya pili kama zawadi.

Nisiwaonee Zhang na Sun. Nyutroni nazo zina mipaka, na mtetezi wa kumbukumbu ana mahali pa kusimama. Kipimo cha mwaka 1985 hakikufanywa kwenye maji yaliyotoka kuchemshwa. Tena kinatoa wastani: kama molekuli moja kwa elfu kumi imejificha kwenye kifurushi kinachodumu, ule mstari mnene hautakuonyesha. Na nadharia yao ina nusu ya pili, inayohusu ngozi ya juu ya maji, ambayo kipimo cha maji ya katikati hakiigusi. Lakini angalia gharama ya utetezi huo. Wa molekuli moja kwa elfu kumi unakubali kwamba 9,999 zimesahau, halafu unataka hiyo moja iamue lini bakuli zima ligande. Na ule wa ngozi ya juu unatupeleka kulekule alikokuwa Osborne na mafuta yake, miaka 45 kabla.

Ndiyo maana nasema, na najua wapo watakaonishangaa, kwamba kwa suala hili makala ya 1969 ni bora kuliko ya 2014. Nakiri ya 2014 ina hesabu nyingi. Lakini ya 1969 iligusa kitu na kuangalia kinachotokea. Ukiweka mafuta juu ya maji hujabadilisha kifungo hata kimoja cha maji yaliyo chini. Umezuia mvuke kutoka na joto kupotea kwa juu. Kuganda kukachelewa masaa. Yaani mahali penye siri ni juso la maji, na jinsi maji ya moto yanavyopanda kulifikia huku ya baridi yakishuka, ule mzunguko ambao vitabu vyetu vinauita myuko.

Na huko kumbukumbu inawezekana kabisa. Mzunguko wa maji ndani ya bika unaweza kudumu dakika nyingi. Hewa iliyotoka wakati wa kuchemsha hairudi upesi. Mvuke uliopotea umeondoka na maji yake, kiasi kimepungua. Sufuria ya moto ikiyeyusha barafu iliyoganda kwenye sakafu ya friji, inakaa vizuri kwenye chuma na kupoteza joto upesi. Vumbi au chokaa kinachosaidia barafu ya kwanza kuanza kinaweza kubadilika kwa kuchemshwa. Vyote hivyo vina umri wa dakika na masaa, siyo wa pikosekunde. Kwa hiyo nyutroni hazisemi Mpemba alikosea. Zinasema tu: kama kuna kumbukumbu, msiitafute kwetu, itafuteni kwenye sufuria.

Wapo pia waliokwenda upande wa pili na kusema hakuna kitu. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden wa Uingereza walichapisha majaribio yao na kusema hawaoni ushahidi wa maana wa athari hii. Walionyesha jambo zito: ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini, unaweza kupata au kupoteza "athari ya Mpemba" kwenye maji yaleyale. Nimeisoma kwa heshima. Ila walichopima wao ni muda wa maji kufika sifuri. Mpemba hakuuliza kufika sifuri, aliuliza kuganda. Na tumeshaona kwamba maji yanaweza kukaa chini ya sifuri bila kuganda. David Auerbach alishaeleza mwaka 1995 kwamba huenda tofauti iko hapohapo, kwenye kiasi ambacho kila bakuli linapita sifuri kabla barafu haijaanza, na hilo lina bahati nasibu yake. Kukanusha swali la kuganda kwa kipimo cha kufika sifuri ni sawa na mtu kukuuliza basi limefika lini Iwawa, ukamjibu saa lilipopita Njombe.

Kitu kingine ambacho kwetu hakijasikika vya kutosha: jina la Mpemba limeshahama kutoka kwenye maji. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba mfumo ulio mbali na utulivu unaweza, kwa masharti fulani, kufika kwenye baridi mapema kuliko ulio karibu. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, Canada, wakalionyesha hilo kwa macho, kwa punje ndogo ya kioo ndani ya maji ikisukumwa na leza. Hapo hakuna vifungo vya haidrojeni vya kusingizia, na athari ipo, safi, inarudiwa kila unapotaka. Swali la kijana wa Magamba limekuwa tawi la fizikia. Sasa kwa nini sisi, watu wa kwao, tuendelee kulitetea kwa maelezo dhaifu kuliko yote yaliyopo?

Nadhani najua kwa nini. Mwalimu alimcheka Mpemba, basi kila maelezo yanayompa ushindi tunayapokea kama fidia. Lakini hebu angalia, huko ni kumfanyia kosa lilelile kwa upande wa pili. Mwalimu alikataa bila kupima, na sisi tunakubali bila kupima.

Utaniambia, sawa, lakini nyutroni zenyewe tutazitoa wapi? Swali zuri, na lina uchungu kidogo. Nyutroni za kazi hii hutoka kwenye vinu vya nyuklia vya utafiti, kama kile cha taasisi ya Laue-Langevin kule Grenoble, Ufaransa, au kwenye mitambo inayogonga chuma kizito kwa protoni, kama ISIS ya Uingereza. Tanzania hatuna kinu. Ila kinu cha kwanza barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, kwenye Chuo Kikuu cha Lovanium, na mrithi wake alisimama mwaka 2004. Kile cha Pelindaba, Afrika Kusini, kipo tangu 1965. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Marekani wa bomu, mradi uliojenga vinu ambavyo watu kama Shull walianzia kazi yao, ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Kwa hiyo usiniambie hii ni sayansi ya mbali. Udongo wake tuliuchimba sisi. Tulichokosa ni kukaa upande wa kipimo.

Lakini kwa hoja ya leo huhitaji kinu. Nyutroni zimeshafanya sehemu yao: zimelifunga tundu la vifungo, zimetuachia sufuria. Kilichobaki kinafanyika Iwawa na friji moja. Tena Iwawa ina vituko vyake. Iko juu zaidi ya mita 2,000, maji yanachemka karibu nyuzi 93, kwa hiyo hata zile nyuzi 100 za swali la Mpemba huzipati bila sufuria ya presha.

Chukua bakuli nne za chuma zinazofanana, maji ya kiasi kimoja yaliyopimwa kwa sindano ya hospitali au mzani wa jikoni. Mbili ziwe na maji ya nyuzi 35, mbili yaliyotoka kuchemka. Kwenye moja ya kila jozi mwaga kijiko cha mafuta ya alizeti juu. Futa barafu yote kwenye sakafu ya friji na weka kipande cha godoro au styrofomu chini ya bakuli zote, ili ujue joto halitokei chini. Rudia angalau mara kumi ukibadilisha nafasi za bakuli, maana pembe moja ya friji huwa baridi kuliko nyingine. Kama tofauti kati ya moto na baridi itapotea kwenye bakuli zenye mafuta, umepata jibu ambalo hakuna springi ya molekuli inayoweza kulieleza. Andika muda wa barafu ya kwanza kuonekana, siyo muda wa kipimajoto kufika sifuri. Na andika pia kipimajoto chako kilikuwa sentimita ngapi kutoka juu.